Kanga ya Njano Uani

Chekeni tu, nimestahili. Mwanetu Neema alipozaliwa, mama mkwe alishuka kutoka Kalinzi, kule milimani, kumwangalia mzazi. Chumba kikawa chao watatu, mimi nikahamia kwenye kochi sebuleni. Mke wangu nikawa namwona akipita na beseni.

Jana nilirudi kutoka mwaloni, kule ziwani samaki wanakoshushwa, nikamkuta uani ameinama anafua nepi, kajitanda mpaka kichwani ile kanga ya njano niliyomnunulia wakati wa uchumba. Uzalendo ukanishinda. Nikanyata, nikamshika kiuno, nikamnong'oneza: "Mke wangu, nimekukumbuka. Utanirudia lini?"

Akaacha kufua. Hakugeuka.

"Baba Neema," ikajibu sauti ya mama mkwe, "mwenye kanga yumo ndani. Na yeye kila siku ananiuliza wewe utarudi lini chumbani."