Taarifa ya Kuni za Butiama

Mama yangu amekuwa akioka mikate na skonzi tangu sijaanza shule. Tanuri la kwanza liko Musoma, nyuma ya nyumba yetu. La pili liko Bunda, analisimamia mjomba. La tatu liko Butiama, nyumbani kwa kina baba, nalo ni la dada yangu mkubwa. Yote yanakula kuni. Mwaka ule kuni zilipanda bei, unga wa ngano nao ukapanda, na mama akatangaza mezani, mkononi ameshika kichwa cha sato, kwamba hawezi tena kulisha matanuri matatu.

"Moja nitazima," akasema. "Lile lenye tumbo kubwa."

Kisha akafyonza jicho la samaki.

Nilijua anayetetemeka zaidi ni nani. Dada alikuwa amerudi Butiama baada ya kufiwa na mume, na kwa muda mrefu alikaa kibarazani haongei na mtu. Tanuri ndilo lililomwinua. Alianza kwa kukanda unga bila kusema neno, baadaye akawa anawasemesha wateja, na siku moja nilimsikia anacheka hadi barabarani. Lingezimwa lile tanuri, tungempoteza tena. Niliogopa kweli.

Sasa, mimi ni mtu wa hesabu, na wakati ule nilikuwa nafanya kazi hiyo kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi pale Musoma. Wengine wanapenda harusi, mimi napenda taarifa za ndani za biashara. Nikaona nafasi yangu imefika. Nikamwambia mama asihukumu tumbo la mtu kwa macho: kila tanuri lijaze karatasi moja kila mwezi, yenye safu nne tu. Tulichopanga kutumia. Tulichotumia. Tofauti. Sababu.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," mama akasema, kama vile msemo ule ameutunga yeye usiku uliopita.

Tatizo ni kwamba mama amekuwa kiongozi wa akina mama kanisani miaka mingi, na kwake taarifa isiyosomwa kwa sauti si taarifa. Akaamuru zisomwe Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, sebuleni kwetu, msomaji akiwa amesimama. Basi mjomba alikuja kutoka Bunda na koti lake la Krismasi. Akasimama, akakohoa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Tanuri la Bunda linawasalimu. Hamira, tulivuka kidogo. Sababu, panya."

Mama akauliza panya wa Bunda wanakulaga hamira tangu lini. Mjomba akajibu kwamba wale ni panya wa barabara kuu, wamezoea vya dukani. Tulicheka hadi shemeji mmoja akapaliwa na chai. Mimi nilisoma ya Musoma kwa madaha, nikinyoosha kidole hewani kila nilipotaja neno "tofauti", na sikujali nani ananicheka.

Kisha akasimama dada. Unga wake ulikuwa sawasawa na mpango, sukari sawasawa, hamira sawasawa, mpaka alipofika kwenye kuni. Kuni zilikuwa zimepita mpango kwa mbali, kuliko Musoma na Bunda.

"Sababu?" mama akauliza.

Dada akaitazama karatasi yake, akasoma kama ilivyoandikwa. "Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, mama."

Mwezi uliofuata kuni zilizidi tena. Safari hii aliandika, "Watu wengi." Mjomba alianguka kwenye kochi kwa kicheko, lakini mama hakucheka. Alisema mwezi mmoja zaidi, basi, na sauti yake ilikuwa ile anayotumiaga akiwa ameshaamua.

Nikaenda Butiama mwenyewe, bila kumwambia dada. Nilifika mchana, saa ambazo mikate imeshatoka na tanuri lilipaswa kuwa linapoa. Halikuwa linapoa hata kidogo. Lilikuwa linanguruma! Ndani yake kulikuwa na chungu cha maharage, sufuria za kande, viazi vitamu vya mama mmoja aliyetoka navyo kijiji cha Buswahili, na kuku mzee wa mwalimu jirani, kuku ambaye kwa umri wake angeweza kupiga kura. Nje, wenye vyungu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wanasuka nywele na kutaniana, na katikati yao dada yangu anachochea kuni zetu, anang'aa uso mzima.

Mambo yalianzaga kidogo. Jirani mmoja aliomba aingize maharage kwenye moto uliobaki, na moto uliobaki hauna gharama. Akaja wa pili. Baadaye vyungu vikawa vingi, moto uliobaki haukutosha, na dada akaanza kuongeza kuni ili chakula cha watu kiive.

Nilimvuta pembeni, nikamwambia mama anakuja kuzima.

"Nitamwambiaje mtu atoe maharage yake?" akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Dada, mwenyeji ndiye anayekufa."

Alinitazama. Nikadhani nimemuumiza, lakini macho yake yalianza kucheza, akaketi juu ya gunia la ngano akacheka mpaka gunia likatoa vumbi. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya wale wanawake, mikono kiunoni.

"Mama zangu, siku nikifa mtakuja na kuni?"

Kwetu hakuna mwanamke anayeenda msibani mikono mitupu. Anajitwika kuni kichwani.

"Tutakuja nazo!" wakaitikia, wengine wakishangaa.

"Mzigo mzima?"

"Mzima!"

"Sasa mbona mnaningojaga nife? Leteni kidogo kidogo nikiwa bado naonja kande zenu!"

Kelele zilizopigwa pale sijui nizisimulieje. Mwalimu mwenye kuku mzee alikuwa wa kwanza kwenda kwake kuleta. Dada akanisihi nisimwambie mama neno, karatasi itasema yenyewe.

Mama naye si mtu wa kungoja karatasi. Kabla mwezi haujaisha ulimi ulinishinda, na nilipomwambia tu kwamba kuni za Butiama zimeshuka, bila kutaja sababu, alisema dada anapika taarifa badala ya mikate. Akajifunga kitenge, tukapanda gari. Tulipofika, nilibaki nyuma namlipa dereva, na mama akatangulia kwa hasira.

Ndipo akaona mstari wa wanawake, kuni vichwani, wanaingia nyumbani kwa binti yake.

Alitupa mkoba. "Mwanangu weee!" akalia, mikono kichwani. Wale wanawake, kumwona mama amefika ghafla kutoka Musoma analia, wakajua ameleta habari ya msiba wa huko. Wakabwaga kuni, nao wakaangua kilio. Mimi nilikimbia huku napiga kelele kwamba hakuna aliyekufa, lakini nani angenisikia? Mlango ukafunguka, dada akatokeza, unga umemjaa usoni na kwenye nywele, mweupe kuanzia juu hadi chini.

Mama akalia upya, kwa sauti kubwa zaidi.

"Nani kafa?" dada akauliza, machozi yanamtoka.

"Si wewe!"

"Mimi nimekufa lini, mama?"

Kisha mwanamke mmoja akaanza kucheka, na hapakuwa na wa kumzuia mwingine. Mama alimkamata dada, akamshika mashavu, mabega, mikono, kama anayekagua ndama sokoni. Hakumwachia mpaka kitenge chake chote kikawa cheupe. Kuhusu tumbo la tanuri hakuuliza neno. Aliuliza tu kama kuna kande imeiva.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, dada aliposimama, mama alimnyang'anya karatasi, akasema ya Butiama atasoma mwenyewe. Akasoma unga, sukari, hamira. Akafika kwenye kuni. "Tumetumia pungufu ya tulichopanga," akasema. "Sababu..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Watu," akamalizia.

"Amina!" tukajibu, mjomba akiwa amesimama na koti lake.

Mama aliikunja karatasi ile taratibu, akaitia kifuani, mahali anapowekaga pesa zake, akatuambia hakuna tanuri litakalozimwa.