Ramani Niliyowapa Walimu wa Bonde la Ruzizi

Niliacha shule nikiwa mwaka wa tano wa primari, na tangu hapo sijakaa sana mahali pamoja. Nimebeba samaki bandarini Kalundu, nimeuza vioo vya simu ng'ambo Bujumbura, nimepandikiza mpunga katika mashamba ya watu. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Fundi saa mmoja alinifukuza mezani pake kwa sababu nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba saa iwe na dakika sitini na si hamsini.

Nilipopata simu yangu ya kwanza nzuri, niliijaza vitu vya kujua, kama wengine wanavyojaza nyimbo: picha za volkano, mifupa ya mkono, safari ya maji kutoka mawinguni mpaka baharini, sauti za ndege nisiowafahamu. Sikuwa na mpango wowote na vitu hivyo. Nilikuwa navitazama nikikosa mteja, chini ya bati langu la kutengenezea simu pale Nyamianda, mjini Uvira.

Mwalimu mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa ameshuka kutoka Bwegera kufuata karatasi zake ofisini. Simu yake ilikuwa imekataa kushika moto wa chaji, akaniletea. Nilipokuwa naifungua, aliona picha kwenye simu yangu iliyokuwa wazi mezani.

"Hii ni moyo?"

"Ni moyo, Madamu. Umekatwa katikati."

"Weye ni munganga?"

"Hapana. Fundi wa simu tu."

"Sasa unafanya nini na moyo wa watu?"

"Naangalia."

Alicheka, kisha akavuta kiti karibu. Alitoa daftari na kuanza kuchora ule moyo kwa kalamu, polepole, pamoja na mishipa yake yote. Wiki iliyofuata alikuwa na somo la mwili wa mtu, akaniambia, na kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, tena ukurasa wa moyo ulikuwa umekatika zamani. Nilimwambia asihangaike na kalamu. Simu yake ilipowaka nilimtumia picha yote kwa bluetooth, bila mtandao, simu kwa simu, na nyingine ishirini juu yake. Alizipitia moja moja kama mtu anayechagua kitenge.

"Kaka," akasema, "vitu hivi vyote ulikuwa unavikalia hapa?"

Sijawahi kuulizwa swali lililonikaa moyoni kama hilo. Tangu nitoke shuleni, hakuna mwalimu aliyewahi kuniomba kitu.

Alirudi Bwegera akawaambia wenzake. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila wakishuka Uvira kwa shughuli zao. Wengine walikuja na vitu vya kunipa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu aliniachia madaftari yake ya fishi, yaani zile karatasi za maandalizi ambazo mwalimu lazima awe nazo mkononi kwa kila somo. Miaka yake yote kazini ilikuwa mle, kwa mwandiko wa mistari iliyonyooka. Nilipiga picha kila ukurasa. Walimu wapya walizichukua kwangu kwa furaha, na mimi nilizisoma zote. Hivyo ndivyo nilivyomaliza primari, nikiwa nimeketi nje ya kibanda, nikiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu.

Yule mwalimu wa Bwegera nilimzoea kuliko wote. Siku moja alikuja akiwa na uso mzito. Wakaguzi walikuwa wamempa maoni mabaya mara mbili: anafundisha kwa maneno matupu, hana vifaa, watoto wanakariri tu. Direkta wake, yaani mkuu wa shule, alikuwa amemwambia wazi kwamba mkaguzi akiondoka mara ya tatu bila kuridhika, mwaka wa tatu atapewa mtu mwingine, naye ataondoka. Watoto wale alikuwa amewashika tangu mwaka wa kwanza, akapanda nao darasa kwa darasa. Aliwajua mpaka wanaokuja bila kula.

"Atakuja kunisikiliza kwenye somo la inchi yetu," alisema. "Na minye niko na karte moja tu, ramani ya Congo yote. Watoto wangu wanajua Kinshasa iko wapi. Bwegera hawaijui iko wapi. Haimo!"

"Nitakuchorea," nikamwambia.

Nililelewa Bwegera na bibi yangu, kwa hiyo sikuhitaji kumuuliza mtu. Nilichukua karatasi kubwa na kalamu za rangi. Tulipokuwa watoto, tukisimama barabarani, sote tulitazama upande wa ziwa, kwa sababu huko ndiko magari yalikoelekea na huko ndiko kulikokuwa na mambo. Basi niliweka ziwa juu na Uvira kando yake. Nikaiteremsha barabara kupita Kiliba, Sange, Luberizi, mpaka Bwegera kwetu na kuendelea. Nikachora mto Ruzizi, Burundi upande wa kushoto, milima yetu upande wa kulia. Nilichora hata mifereji ya mpunga. Mwishoni nikakumbuka kwamba ramani zote nilizowahi kuona zimeandikwa Kaskazini juu. Nikaandika Kaskazini juu, Kusini chini, Mashariki kulia, Magharibi kushoto. Ilipendeza. Nilipiga picha nikamtumia, naye aliitazama muda mrefu akisema, "Bwegera! Angalia, Bwegera iko katikati!"

Wiki hiyo kila mwalimu aliyepita aliitaka. Niliwapa wote.

Kama siku kumi baadaye nilikwenda Sange kumtafutia mteja betri. Ilikuwa asubuhi, nikasimama kunywa chai kwenye kibanda kilicho karibu na shule. Dirisha la darasa lilikuwa wazi na watoto walikuwa wanaitikia kwa sauti moja.

"Mashariki ni wapi?"

"Kwenye milima ya Congo!"

"Jua linatoka wapi?"

"Mashariki!"

Nilikuwa nimeinua kikombe. Jua lilikuwa linanipiga usoni, na lilikuwa linatoka Burundi, kama lilivyotoka kila siku tangu nizaliwe. Nilikwenda dirishani nikachungulia. Ubaoni ilikuwa ramani yangu, na mifereji yangu ya mpunga. Mwalimu yule sikuwa namjua kabisa. Shule ile sikuwahi kuwapa kitu.

Nilielewa palepale nilichokifanya. Nilichora kama mtu anayetazama kusini, kule ziwani, halafu juu yake nikaandika Kaskazini. Nchi yote ilikuwa imegeuka. Burundi niliipeleka Magharibi na milima yetu Mashariki, na walimu waliniamini kwa sababu kitu kilitoka kwenye simu kikiwa na rangi nzuri.

Nilimweleza yule mwalimu kupitia dirishani. Alitazama nje, akatazama ubao, akashika kichwa. Lakini mimi akili yangu ilikuwa Bwegera, maana mkaguzi alikuwa amepangiwa wiki hiyohiyo. Nilipiga simu ya Madamu. Imezimwa. Nikapanda pikipiki ya kwanza iliyokuwa inakwenda juu, upande wa Bwegera, na betri ya mteja nikaisahau.

Tulifika shuleni nikaona pikipiki ngeni imeegeshwa chini ya paa. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Nilizunguka nyuma mpaka kwenye dirisha la mwaka wa tatu.

Alikuwa ameinakili ramani yangu upande wa ndani wa mfuko wa saruji, kubwa kama mlango, kwa mkaa na chaki za rangi, vizuri kuliko nilivyochora mimi. Ilikuwa imetundikwa ubaoni. Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye koti, alikuwa ameketi nyuma na daftari magotini. Nilimpungia Madamu mkono. Aliniona, akageuza macho. Alidhani nimekuja kutazama kazi yangu.

"Sasa," akawaambia watoto, "nani atanionyesha mashariki?"

Mikono haikuinuka. Watoto walitazama ramani, wakatazama mlangoni, wakatazamana. Msichana mmoja wa benchi la mbele alisimama taratibu.

"Madamu, mashariki ya kwenye karte ao ya inje?"

Darasa lilicheka. Mkaguzi hakucheka. Niliona macho ya Madamu yakienda kwenye ramani, kisha mlangoni ambako jua lilikuwa limelala sakafuni, na nikajua ameona. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imeanza kutembea.

Sijui nilikuwa najaribu kuokoa nini. Nilisema tu, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Bwana inspekta, ile karte iko na kosa. Minye ndiye niliichora."

Wote waligeuka.

"Weye ni mwalimu wa wapi?"

"Mimi si mwalimu. Natengeneza simu Nyamianda."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa tano, Bwana inspekta."

"Wa sekondari?"

"Wa primari."

Watoto walicheka tena. Alisimama akaja dirishani, akanitazama, akaitazama ramani. "Kumbe ni weye. Hii karte nimeikuta shule tatu wiki hii. Umehamisha Burundi yote upande mwingine bila karatasi ya mpaka, na watu wa forodha hawakukuona?"

Nilitamani dirisha linimeze. Ndipo Madamu aliposema, bila kupandisha sauti: "Bwana inspekta, huyu kaka ndiye ametupatia vitu vya kufundishia. Kabla yake nilikuwa na ubao na mdomo wangu tu. Kosa la leo ni langu. Minye ndiye nilipaswa kuiangalia kabla ya kuitundika." Akageuka. "Watoto, tutoke inje. Mubebe karte."

Mkaguzi hakumzuia. Aliwafuata na daftari lake.

Waliulaza ule mfuko wa saruji chini, katikati ya uwanja, na mawe kwenye pembe nne. Madamu aliwaambia wasimame wakiwa wamenyoosha mkono wa kulia kule jua lilikotoka asubuhi. Mikono yote ilielekea Burundi. Wangu pia, maana sikujua nifanye nini kingine, na nilitaka kujua itaishaje. "Mbele yenu ni kaskazini," akasema. "Ziwa liko wapi?" Wakaonyesha nyuma. "Na kwenye karte?" Yule msichana akaondoa mawe. Watoto wanne walishika pembe na kuuzungusha mfuko mzima, wakibishana, mpaka ziwa la kwenye karatasi likalala upande wa ziwa la kweli, Burundi upande wa Burundi, milima upande wa milima. Kila kitu kilikuwa sawa. Yaliyobaki kombo ni yale maneno manne tu niliyoyaandika kwa kujivunia. Waliyafuta kwa kiganja na kuyaandika upya, kila moja mahali pake.

Mkaguzi alimwuliza mtoto mmoja nyumba yao iko upande gani wa shule. Akajibu: magharibi. Akamwuliza mwingine, na mwingine. Aliandika kwa muda mrefu. Alipopanda pikipiki yake aliniambia neno moja tu: "Uifuate kila ilikofika, uirudishe."

Niliifuata. Madamu alinipigia picha ule mfuko wa saruji ulivyo, na vidole vya watoto juu yake, na hiyo ndiyo ramani niliyozungusha shule kwa shule, nikiomba ile ya kwanza ifutwe. Ilinichukua karibu mwezi mzima. Mwalimu hata mmoja hakunigombeza. Mmoja alisema tayari wanafunzi wake walikuwa wamemkatalia, wakisema jua halitoki milimani. Mwingine alinipa chakula, na picha za majani ya dawa alizokuwa amepiga mwenyewe, ili niwape wengine.

Muda huo wote sikujua mkaguzi aliandika nini, wala Madamu hakujua. Ripoti ilipotoka, alishuka nayo Uvira akanisomea mwenyewe chini ya bati. Ilisema kwamba kifaa kilikuwa na kosa na mwalimu hakukihakikisha. Ilisema pia kwamba mwalimu aliwatoa watoto nje, watoto wakalirekebisha kosa wenyewe, na kwamba katika shule alizopita msimu ule ni hapo tu alipokuta watoto wanaojua wamesimama wapi. Ilimalizia: abaki na darasa lake.

Aliisoma mara mbili. Nilimwomba arudie mara ya tatu, akaniambia nisizidi.

Siku hizi nikiwa na kitu kipya nakipeleka kwake kwanza. Nakaa benchi la nyuma, magoti yakigusa kidevu, anakitundika, na watoto wanakitafuta kosa kama chawa. Mara nyingi hawalikosi. Mwaka huu wamepanda kwenda mwaka wa nne, na amepanda nao.