Shangazi, Upele na Swali la Ini

Shangazi yangu wa Kiomboi alitokwa na upele kwenye vifundo vya mikono: bapa, wa rangi ya zambarau, unaowasha kupita kiasi. Kwetu kinachowasha huchanjwa chale. Akachanjwa, akapakwa dawa nyeusi. Baada ya wiki chache upele mpya ukaota juu ya chale zilezile, umejipanga kama mtama wa mkulima hodari. Mganga akafurahi. "Dawa inautoa nje," alisema, akataka kuongeza.

Kilichomleta kwangu Mandewa, ninakoishi na mama, ni mdomo. Pilipili, nyanya, hata chai ya moto vilimchoma, akawa anapika bila kuonja.

"Wifi, mchuzi huu umeupika kwa kukisia?" mama alimuuliza.

"Kula, usichunguze."

Asubuhi nikampeleka hospitali. Daktari, binti mdogo, alimwamkia kwanza shikamoo, ndipo akamulika mdomo wake. Nami nikachungulia. Ndani ya mashavu kulikuwa na mistari myeupe iliyosukana kama wavu.

"Upele na huu wa mdomoni ni ugonjwa mmoja," daktari alisema. "Hauambukizi. Ila kwa baadhi ya watu huandamana na homa ya ini. Tupime damu."

Shangazi akafunga mdomo. "Nimekuletea mdomo, wewe unataka ini! Kesho utaniomba figo?"

"Figo baki nayo, mama. Chale zako umechanjwa kwa wembe wako?"

"Wa mganga. Tangu nikiwa msichana, mimi na dada yangu, wembe mmoja. Ukigoma kukata ndipo anautupa."

Dada yake huyo alikufa tumbo limevimba na macho ya njano, na ukoo ukamaliza mwaka mzima ukimtafuta mchawi. Nilijua anachowaza. Mkono wa kutolewa damu aliutoa mwenyewe, bila kuombwa tena.

Majibu yalionyesha virusi vya homa ya ini aina ya C. Daktari akaeleza kwamba wengi wenye upele huu hawana virusi hivyo, lakini yeye anavyo, na dawa ipo. Tukapewa rufaa ya Dodoma. Huko wakamchunguza ini, wakasema halijaharibika sana, wakampa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi kadhaa. Kwenye basi la kurudi alilala usingizi mzito, mdomo wazi, ameukumbatia mfuko wa dawa.

Alivimaliza. Mdomo ulitulia kidogo kwa dawa ya kupaka, ingawa pilipili bado haigusi, na mikononi alama zimebaki. Baada ya kipimo cha mwisho daktari wa Dodoma alipiga simu tukiwa tumekaa uani na mama. Virusi havikuonekana tena kwenye damu.

Shangazi akaweka simu sauti ya juu.

"Hebu rudia, daktari," alisema. "Wifi yangu hasikii vizuri."

Mama anasikia vizuri kabisa. Daktari akarudia.