Pale pa Pipa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa glavu nyeupe za pamba. Mkuu wa Uhariri alinionya kuwa filamu hushikwa kingoni, maana alama ya kidole ikikuzwa ukutani huwa kubwa kama sinia. Nyie wa leo mnabonyeza tu. Sie tulikata kwa kisu na kuunga kwa gundi, huku tumebana pumzi.

Filamu za kuchekesha zilikuwa na adabu yake. "Kicheko kina pumzi yake, binti," Mkuu aliniambia. "Watu wakicheka, wape muda wamalize. Usipowapa, neno linalofuata hawalisikii." Muda huo tuliuita nafasi ya kicheko.

Miaka ile ya Ujamaa wakubwa walitaka filamu za kutukumbusha kuwa sote ni ndugu. Nikaletewa moja ya bibi harusi wa Pwani na baba mkwe wa Kinyakyusa, wanaishi nyumba moja. Kwa mila za Kinyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemezani. Basi kila mara mzee akitokea, bibi harusi anajitupa nyuma ya pipa la maji.

Meza nzima ya uhariri ilicheka. Mie sikucheka, maana pipa kama lile lilikuwa kwangu Chang'ombe. Mie mtu wa Kunduchi niliolewa na Ambakisye, Mnyakyusa wa Rungwe, na baba yake akaja kuishi nasi. Ambakisye akaugua, akafa. Mzee akakataa kurudi kwao, hakutaka kumwacha mwanawe peke yake makaburini. Tukabaki wawili. Chakula nilikiweka juu ya kigoda, nikakohoa, nikajificha nyuma ya pipa, akatoka akala. Miaka ikapita bila neno. Upweke wa namna ile, jamani, afadhali ungekuwa peke yako kweli.

Kopi ya majaribio tuliionyesha kwenye ukumbi wa jirani na kwangu. Nilisimama mlangoni, gizani, kusikiliza vicheko. Kumbe jirani yangu Mama Zuhura kamleta mzee, kamketisha mbele. Akiona anafanyiwa mzaha atafunga mzigo aende zake, nami nitabaki na nani?

Ikafika pale pa pipa. Watu wakacheka, wakanyamaza. Mmoja akaendelea, kule mbele. Kicheko kizito, kinachopanda kisha kinakwama, kama mtu aliyepaliwa. Kilikuwa kicheko cha Ambakisye hasa, na sikuwa nimekisikia tangu tumzike.

Asubuhi Mama Zuhura alileta ujumbe. Mzee anasema, mwenye filamu aongeze pale pa pipa, kwani yeye hakumaliza kucheka.

Nikaunga vipande vya filamu vyenye pipa peke yake, kimoja baada ya kingine. Mkuu alikunja uso. "Nafasi hii ni ya nani? Watu wote wameshanyamaza."

"Kuna mtu hajamaliza," nikasema. Akaiacha nafasi hiyo.

Mzee alifariki kabla sijastaafu, na hatukuwahi kusemezana. Nyumba sasa ni mie na redio. Vijana wakipata filamu ile huniita niitazame nao. Wakifika pale pa pipa hugeuka kuniuliza, "Bibi, imekwama?"

Nawaambia wanyamaze, bado anacheka.