Landrova Ng'ambo ya Mto

Mwanamkuu binti Shomari alipopewa kazi ya kupanga magari ya serikali pale Kisarawe, mwaka 1976, madereva walimpokea kwa heshima na mashaka kidogo. Mtu asiyejua kushika usukani atamwambiaje dereva aende wapi? Hakubishana nao. Alikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga wa Mlandizi, akapiga chapa miaka kadhaa kule Tumbi, kisha akasomeshwa mambo ya usafirishaji Dar es Salaam. Mumewe, Salumu, alikuwa mnyapara wa genge la reli Soga. Kila Jumamosi Mwanamkuu aliteremka Pugu akapanda treni kwenda kwa Salumu na binti yao Mboni, na Jumapili jioni akarudi kazini.

Magari ya yadi yalikuwa machache, tena machovu. Korosho zikianza kudondoka, kila kijiji kilitaka lori. Shule zikikaribia kufunguliwa, walimu wakuu walipanga foleni mlangoni kwake. Lakini msimu uliomsumbua kila aliyewahi kukalia kiti kile ni masika. Njia ya kwenda Maneromango ni udongo mwekundu, ukilowa unateleza kama mlenda, na katikati yake ulipita mto ambao kiangazi unauvuka bila kuvua viatu. Masika mto huo ulikuwa ukiondoka na daraja lake la magogo.

Utaratibu aliourithi ulikuwa huu: kabla ya mvua magari yote yarudi yadini, yatengenezwe, yakae tayari. Aliuona una busara, akaufuata.

Masika ya mwaka uliofuata, asubuhi moja ya Ijumaa, alikuja mtu amelowa mpaka kifuani. Alitoka Jitegemee, kijiji cha ujamaa kilichokuwa ng'ambo ya mto. Binti wa Mzee Mbaraka, Sikudhani, ameshikwa na uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Dereva Anselmi aliwasha Landrova papo hapo, na Mwanamkuu akapanda naye. Walipofika mtoni, magogo yalikuwa yamekwenda. Ng'ambo ya pili waliwaona wanaume wamesimama na kitanda mabegani, wamemfunika mgonjwa kwa kanga. Walikuwa wamemleta mpaka pale kwa kutegemea gari.

"Rudini!" Anselmi alipiga kelele. "Mpelekeni Maneromango!"

Mzee Mbaraka na wenzake wakageuza kitanda na kuanza kutembea kuelekea zahanati ya Maneromango, ambayo ilikuwa upande wao wa mto tangu mwanzo. Sikudhani alipona. Mtoto hakupona.

Kesho yake, Soga, Mwanamkuu hakugusa chakula. Salumu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mama Mboni, hiyo Landrova ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa. Tena tairi mpya."

"Ila ilikuwa upande usio wake." Salumu alinyoosha kidole kwenye nyumba za genge, zilizopangana kando ya reli. "Unadhani sisi tumewekwa hapa kwa sababu Soga kuna raha? Mvua ikila tuta, anayeliziba ni yule aliyelala jirani nalo. Tungekuwa tunakaa Dar es Salaam tunangoja taarifa, treni ingepita wapi?"

Mwanamkuu alirudi Kisarawe na neno moja kichwani: masika ijayo gari moja litakaa ng'ambo, mvua zisije zikaanza likiwa bado yadini.

Mkuu wake, Ndugu Maneno, alilikataa jambo hilo hata kabla Mwanamkuu hajamaliza kulieleza. "Gari la serikali lilale kijijini? Nani atalilinda? Na wageni wa mkoa wakija, niwapandishe baiskeli?"

"Wageni wakija masika, ndugu, hawavuki mto. Watu wa kule nao hawavuki. Gari likikaa hapa, miezi yote ile linawahudumia wa upande huu tu."

"Nimesema hapana."

Alimwendea tena baada ya wiki, na tena baada ya mwezi. Korosho za mwaka ule zilipomalizika kusombwa, Maneno alichoka. "Chukua ile Landrova kuukuu," alisema. "Ikiharibika, jina lako ndilo litakaloandikwa."

"Liandikwe," alijibu Mwanamkuu.

Alidhani mlima ameshaupanda. Kumbe bado Anselmi.

"Bi Mwanamkuu, mimi ni dereva, si mkimbizi," Anselmi alisema. "Nikae kule mpaka mvua ziishe, nani atanipikia? Na mke wangu abaki na nani?"

Hilo hakufundishwa Dar es Salaam. Alitafakari, kisha akaenda nyumbani kwa Anselmi mchana, mwenyewe Anselmi akiwa kazini, akamkuta mkewe Bertha anapeta mchele. Alimweleza kila kitu, na habari ya kitanda mtoni pia. Bertha aliweka ungo chini.

"Kuna nyumba isiyovuja?"

"Nitaitafuta."

"Na kipande cha bonde nipande mpunga? Hapa Kisarawe nalima kwenye changarawe."

"Nitaomba."

"Basi mimi nakwenda. Anselmi atanifuata."

Ilibaki kuomba nyumba. Mwanamkuu alikwenda Jitegemee kwa miguu kutoka mahali lori lilipomshusha, akafika kwa Mzee Mbaraka, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya gari siku ile."

"Ndiye mimi."

Mzee alimwacha asimame uani. Kisha akasema, "Gari lenu lilikuja kututazama tu."

"Ni kweli, mzee. Ndiyo maana safari hii nataka lije kukaa."

Mbaraka alimwita Sikudhani alete kigoda, na mgeni akakaa. Walizungumza mpaka adhuhuri. Kijiji kilitoa nyumba iliyokuwa kando ya ghala, wanaume wakaiezeka upya, na Bertha akapewa bonde lake.

Mvua za mwaka 1978 ziliwakuta Anselmi na Landrova wako Jitegemee, na mapipa ya petroli yamefichwa ndani ya ghala. Mto ulifurika kama kawaida yake. Safari hii wajawazito walifikishwa Maneromango wamekaa kwenye viti, na surua ilipoingia vijiji vya mbele, mganga alipelekwa kuwachanja watoto.

Katikati ya msimu springi ya nyuma ikakatika. Habari ilipofika Kisarawe, Mwanamkuu hakungoja Ndugu Maneno amkumbushe jina la nani litaandikwa. Alitafuta springi stoo, akaikosa, akafungua moja kwenye gari bovu lililokuwa juu ya matofali, fundi akimsaidia. Lori liliwafikisha mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yakivuta kwa nguvu. Ng'ambo alisimama Mzee Mbaraka na watu wake, wamekaza kamba kwenye miti ya pande zote mbili.

"Ifungeni kwenye kamba, tutaivuta!" alipiga kelele Mbaraka. "Wewe baki huko!"

"Hakuna atakayemwonyesha fundi kazi ilivyo ila mimi!" alijibu Mwanamkuu. Haikuwa kweli, Anselmi angeweza. Lakini springi ilipovutwa, Mwanamkuu alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni na kushika kamba. Maji yalimfika mabegani, mara moja miguu ikapoteza chini, akaning'inia, fundi nyuma yake anamtaja Mungu kwa sauti. Mbaraka alimdaka mkono, akamvuta ukingoni.

"Mwanamke mbishi," alisema, huku anacheka.

Jioni ile Landrova ilitembea. Mwanamkuu alikwama ng'ambo mpaka maji yalipopungua, akala wali wa Bertha, na safari hiyo Soga hakwenda. Salumu aliposikia sababu alinung'unika, kisha akawahadithia genge zima.

Mwaka uliofuata Ndugu Maneno mwenyewe aliuliza gari lipi litalala ng'ambo, kana kwamba mambo yalikuwa hivyo siku zote. Mwanamkuu alitaka na trekta, akanyimwa. Aliliomba miaka miwili mfululizo ndipo akalipata. Malori ya korosho nayo akayatawanya vijijini kabla ya mavuno, ingawa huko hakufaulu sana, maana petroli ilianza kuwa adimu.

Mwaka 1982 alihamishiwa Kibaha, karibu na nyumbani. Siku ya kwanza walimtembeza yadini wamwonyeshe magari yaliyooshwa yakang'aa. Aliyapita yote, akamgeukia dereva mmoja mtu mzima wa Kongowe.

"Kaka," alisema, "mvua zikianza, ni watu gani ambao huwa hamuwafikii? Nipeleke huko sasa hivi, barabara ikiwa bado kavu."