Mkunga wa Helikopta

Jukwaani walimwita Mkunga, naye alishazoea. Kazi yake ilikuwa kupokea wanaoshuka kutoka juu, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na tisa akizipokea helikopta kwenye kiwanja cha chuma, juu ya jukwaa la gesi, mbali baharini. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alijua tu kwamba mumewe hukaa majini majuma matatu, kisha hurudi na magoti yanayolia kama bawaba.

"Wewe ni mgeni mwenye funguo," humtania akimpokea begi.

Usiku huo bomba lilimponda nyonga mchomeleaji. Nesi wa jukwaa alimfunga alivyoweza, akasema asipofika hospitali kabla ya alfajiri watamkosa. Helikopta ikaitwa.

Mkunga alipanda mapema. Alikikagua kiwanja hatua kwa hatua, akaokota glavu moja iliyosahauliwa, maana hata glavu ikimezwa na injini ni msiba. Akawasha taa za kijani zinazokizunguka kiwanja. Usiku, rubani hana mbingu wala bahari. Vyote ni weusi mmoja. Ana pete ile ya kijani tu. Akiipoteza, hajui juu ni wapi na chini ni wapi.

Mlio ukakaribia. Mara jukwaa zima likawaka kama mchana.

"Mkunga, mmenipiga mwanga!" sauti ya rubani ikapasuka redioni. "Sioni kitu!"

"Usitue! Panda juu, ondoka!"

Helikopta ikapita juu yao ikinguruma, ikamezwa na giza. Chini ya ngazi, wanaume wanne waliobeba machela waliitazama ikienda. Mwendesha kreni, aliyelala chumba kimoja na mchomeleaji kwa miaka sita, akapanda mbio.

"Umeifukuza! Mwenzetu anakufa, wewe unaringa?"

"Nani kawasha taa kubwa?"

"Mimi! Ili rubani aone!"

"Umempofusha, ndugu yangu. Kazime. Kimbia, utanitukana baadaye."

Rubani akasema mafuta yanamruhusu kujaribu mara moja tu. Ikishindikana, anarudi nchi kavu mikono mitupu. Taa kubwa zikazimika. Mkunga akasimama gizani. Huenda rubani angetua tu. Huenda yeye ndiye aliyemuua mchomeleaji kwa neno moja. Ajali ikitokea, mashahidi ni wengi; iliyozuiwa haina hata mmoja, na aliyeizuia hubaki akijitetea mbele ya nafsi yake.

Mlio ukarudi, taratibu safari hii. Macho ya rubani yalikuwa yamelizoea giza tena. Magurudumu yakagusa chuma katikati ya pete. Wabebaji wakainamisha vichwa, wakakimbia, machela ikaingia. Dakika tatu, kiwanja kikawa kitupu.

Mwendesha kreni alimfuata hadi chumba cha redio, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Mkunga alikuwa ameshafungua daftari la matukio.

"Utaniandika, kaka?"

"Nitakuandika."

"Watanifukuza."

"Huenda. Nitaandika pia kwamba swichi ile haina kufuli, na hakuna aliyewahi kukueleza. Mimi mwenyewe sikukueleza. Nikinyamaza, kesho ataiwasha mwingine anayempenda mwenzake kama wewe."

Mwendesha kreni alifuta uso kwa mkono wenye grisi, akajipaka zaidi.

Alfajiri redio ikaita. Mchomeleaji yuko chumba cha upasuaji, alisema rubani, na njia nzima alikuwa akiwalaani waliomkatia suruali yake mpya.

Mwendesha kreni akacheka, kicheko kikamgeukia kilio. Mkunga akamsogezea kiti kwa mguu, akaendelea kuandika.