Nyumba Mbili na Mguu Mmoja

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kituo cha afya cha Njoro kuulizia tiba ya mguu. Nimeanza kukimbia tena asubuhi, kwa umri huu, na msuli wa nyuma ya paja umegoma. Dada wa mapokezi akaniuliza kama nataka kuchuliwa misuli au kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Swali hilo liliwahi kuulizwa juu ya mguu huu huu, zamani, na walioumiza kichwa kulijibu walikuwa wengi.

Nilikuwa darasa la sita, Kibosho, nikiishi na bibi mzaa mama. Unazijua njia za kule, mawe na utelezi, ukishuka unajizuia, ukipanda unahema. Mimi nilizikimbia zote. Jioni nilikata majani ya ng'ombe, nikajitwika, nikateremka nayo mbio huku maji ya mfereji yakinirukia miguuni. Mwalimu wa michezo alikuwa ameniweka kwenye timu ya shule itakayoshindana Kwa Sadala, na sikuwa nimewahi kufika Kwa Sadala.

Siku moja mazoezini nikasikia kitu kimekatika nyuma ya paja, kama uzi. Nilirudi nyumbani nikichechemea. Bibi hakuuliza mengi, akanipeleka kwa mama jirani, ng'ambo ya ua wa masale, mimea tunayopanda mipakani. Mama yule alikanda kila mtu, wapagazi walioshuka mlimani, wachuma kahawa, wanawake waliotoka kujifungua. Alipasha samli, akaimimina kiganjani, akawa ananikanda huku akisimulia habari za kanisani. Jiko lilinuka moshi na ndizi zinazochemka. Niliondoka pale mwepesi.

Nikakimbia, paja likakataa palepale. Jirani akanikanda tena, nikapata nafuu, nikakimbia, likakataa tena. Ndipo mwalimu akaja nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Bibi, huyu mtoto tumpeleke hospitali mjini. Kuna watu wa mazoezi ya viungo."

"Anakandwa, na anapata nafuu."

"Anapata nafuu, halafu anaumia zaidi."

Bibi aliendelea kumenya ndizi. Sasa naelewa kwamba hakuwa anabishana na mwalimu. Alikuwa anamfikiria jirani, mtu aliyemkanda mgongo kila alipojifungua, aliyelala naye matangani alipofiwa na mume. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba mikono yake haitoshi? Asubuhi alivuka masale akamwambia mwenyewe. Jirani alijibu, "Sawa, mpeleke," na kwa siku kadhaa hatukusikia akituita.

Hospitalini kijana mmoja alinibonyeza paja, akaniambia nikaze kisigino huku yeye anakivuta. Akamweleza bibi kwa heshima kwamba msuli umechanika kidogo, na kuukanda ungali mbichi ni kuuchokoza. Upumzike kwanza, kisha ujengwe nguvu polepole.

"Na mashindano?" nikauliza.

"Haya utayakosa, mdogo wangu."

Nililia njia nzima ya kupanda nyumbani. Msimu ule wote bibi aliyabeba majani ya ng'ombe mwenyewe, wala hakunisimanga.

Mazoezi yalichosha. Unalala chali, unainua kiuno, unakishusha, unaanza tena. Nilipokuwa nikitaka kuacha, bibi alitandika mkeka mwingine uani, akabana kitenge magotini, akalala pembeni yangu akifanya yaleyale huku akilalamika kwamba yule kijana amedhamiria kumuua. Tukiwa tumelala hivyo alasiri moja, jirani akatokea na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi.

"Ninyi mnafanya nini?"

"Tunakimbia," bibi akajibu.

Jirani alicheka mpaka ikabidi aweke bakuli chini. Akataka aelezwe yote aliyoyasema yule kijana. Bibi akamweleza, pamoja na kwamba baadaye, msuli ukishashika, kukandwa kungenisaidia.

"Basi nitasubiri," jirani akasema.

Akasubiri kweli. Nilipoanza kukimbia tena, nilifanya mazoezi yangu siku za kawaida, na Jumamosi nikaenda kwake kukandwa.

Mwaka uliofuata nilifika Kwa Sadala. Sikushinda, nilimaliza katikati ya kundi, lakini nilimaliza bila kuchechemea. Wale wawili walikuja kuniangalia wamevaa nguo za Jumapili, na wakati wa kurudi wakabishana njia nzima ni nani aliyeniponya.

Bibi ametutoka. Jirani alichukuliwa na watoto wake, akafia mbali, na wengi tulipata habari baada ya mazishi. Vijana wa nyumba zile wako mijini, kama mimi.

Yule dada wa Njoro nilimjibu kwamba nitaanza na mazoezi, kuchuliwa kutafuata. Nayafanya chumbani kila asubuhi kabla ya kazi, na paja linaendelea vizuri. Mpaka leo ninapokusimulia wewe, hakuna mtu aliyeniuliza mguu unaendeleaje.